Kuandika kwa kalamu fupi ya Kijapani: mkono, wino na safari ya kwenda Arusha

Mtu anayeacha biki na kuanza kutumia kalamu ya nibu, yaani yenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, huja na tabia moja ambayo hakuwahi kuiona kuwa ni kosa: hukandamiza. Biki humlazimu afanye hivyo, kwa sababu kigololi chake hakizunguki mpaka kisukumwe juu ya karatasi. Nibu haihitaji nguvu hiyo, kwani wino hufuata mpasuko wake mwembamba wenyewe, kama mafuta ya taa yanavyofuata utambi wa koroboi, na hutoka mara tu ncha inapogusa ukurasa. Anayeikandamiza huzitanua ndimi mbili za nibu, na zikipinda ni vigumu kuzirudisha.

Kalamu ninayoizungumzia ni ile fupi, ya aina iliyopendwa sana Japani katika miaka ya 1960 na 1970 kwa kuwa inaenea katika mfuko wa shati. Pilot, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1918, bado inatengeneza moja ya namna hiyo, E95S, yenye nibu ya dhahabu ya karati 14 na urefu wa takriban sentimita 12 ikiwa imefungwa. Kifuniko chake kinachukua karibu nusu ya urefu huo, kwa hiyo usijaribu kuandika kabla hujakichomeka nyuma ya kalamu. Bila kifuniko, kalamu hupotea kiganjani na vidole huanza kuibana, na mkono unaobana ndio huo huo unaokandamiza.

Ishike kwa vidole vitatu, upande wa juu wa nibu ukikutazama, na sehemu ya nyuma ya kalamu ikilala kwenye shina la kidole cha shahada. Uzito wa kalamu yenyewe unatosha kutoa wino. Ikikwaruza, usiongeze nguvu. Izungushe kidogo sana kushoto au kulia mpaka ndimi zote mbili ziguse karatasi kwa usawa, halafu ubaki hapo hapo. Zoezi lililonisaidia mimi, ambaye kwa miaka mingi nimeandika mihtasari ya vikao vya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Moshi, lilikuwa kuandika juu ya karatasi mbili zilizopandana na kisha kuikagua ile ya chini: ikiwa na alama za herufi, mkono ulikuwa bado mzito.

Unaponunua, kumbuka kwamba nibu za Kijapani ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ile ile ya unene: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya wastani. F ya Kijapani hukaribia EF ya Kijerumani. Sababu yake ni kanji, alama za maandishi ya Kijapani zenye asili ya Kichina, ambazo herufi moja inaweza kubeba mistari zaidi ya 20 ndani ya kisanduku kidogo. Sisi hatuna haja hiyo, na kwa mwandiko wa kuunganisha ningemshauri anayeanza achukue M. Hata hivyo F ina faida yake katika kaunta buku zetu, ambazo karatasi yake hunywa wino na kuutawanya: mstari mwembamba humwaga wino kidogo, hivyo upande wa pili wa ukurasa hubaki unaandikika.

Katriji za Pilot, yaani vichupa vya wino vinavyochomekwa ndani ya kalamu, zina umbo lake pekee, na za kampuni nyingine za Kijapani, Sailor au Platinum, haziingii. Hilo lisikutishe. Ikiisha, ioshe, kisha uijaze tena kwa bomba dogo la sindano kutoka duka la dawa. Ujazo wake haufiki mililita 1. Konveta ya CON-40, kifaa cha kunyonya wino kinachokaa mahali pa katriji, ni rahisi zaidi kutumia, kwani unachovya nibu yote katika chupa na kuzungusha kitasa, lakini hubeba mililita 0.4 tu, na kikao kirefu kinaweza kuimaliza. Tumia wino uliotengenezwa kwa kalamu za nibu peke yake. Wino wa mhuri au wa printa utaziba mifereji iliyo chini ya nibu. Kwa kumbukumbu zisizopaswa kufutwa na maji upo wino wa Platinum uitwao Carbon Black, ila huo una chembechembe, na kalamu isiyotumika kila siku utaigandia. Risiti za nakala mbili ziachie biki. Hapo kukandamiza ni halali.

Safari ni jambo jingine. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na Arusha iko kwenye takriban 1,400, na kadiri unavyopanda, hewa iliyo ndani ya katriji hutanuka na kuusukuma wino nje. Tofauti hiyo peke yake ni ndogo, lakini ikiungana na joto la kifua na mtikisiko wa kosta, tone moja huishia ndani ya kifuniko, na kutoka hapo huenda kwenye vidole vyako mbele ya wageni. Nimeshapeana mkono na mwenyekiti nikiwa na kidole gumba cha bluu. Safiri na kalamu iliyojaa kabisa au iliyo tupu, maana katriji ya nusu ndiyo yenye hewa nyingi, na iweke nibu ikitazama juu. Anayepanda Marangu, ambako lango la hifadhi liko juu ya mita 1,800, afuate hilo kwa makini zaidi. Ukifika, fungua kifuniko polepole, nibu ikiwa bado juu, na uifute kwa kitambaa kabla ya kuandika.

Kila baada ya mwezi mmoja hivi, au unapobadili rangi, pitisha maji baridi katika nibu mpaka yatoke meupe. Maji ya moto yanaweza kuharibu plastiki. Kama maji ya bomba ya kwako huacha magadi kwenye sufuria, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, kisha uisimamishe kalamu kichwa chini juu ya kitambaa usiku kucha.