Kujaribu kipulizio cha ukingo uliopinda kwenye tarumbeta la beni

Kipulizio cha kawaida cha tarumbeta, kile kipande cha chuma kinachokaa mdomoni, ukikipindua na kuulaza ukingo wake juu ya kioo, kinatulia: duara lote linagusa. Hiki tunachokizungumza ukikifanyia hivyo kinayumba kulia na kushoto. Ukingo wake umeinuka juu na chini na kushuka pembeni, ili ufuate mpindo wa meno ya mbele. Mfano mmoja ni Wedge, kazi ya Dave Harrison wa Kanada. Yako maumbo mengine yaliyotoka nje ya mazoea: ukingo mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kuta nene zenye uzito mkubwa, au kikombe (shimo la ndani ya ukingo) cha hatua mbili kama vile vya mtengenezaji Parduba, alivyopigia Harry James, mpiga tarumbeta wa Marekani. Tutakaa zaidi kwenye ukingo uliopinda, lakini njia ya kupima ni ile ile kwa vyote.

Mpigaji wa beni, bendi ya tarumbeta na ngoma inayotembea harusini, ana sababu yake ya kukitaka. Mwenzake wa okestra amekaa kitini. Yeye anapiga huku akitembea, tarumbeta linaruka kila anapokanyaga jiwe lililonyanyuka kwenye vichochoro vya Mkunazini au Malindi, hapa mjini Zanzibar, na kila mruko unaishia mdomoni. Ukingo bapa hubonyeza zaidi pale jino lilipojitokeza, na hapo ndipo mdomo unapokufa ganzi mwanzo. Ukingo uliopinda huugawa mkazo huo. Ahadi yake ya haki ndiyo hiyo tu. Pumzi hakikuongezei, na sauti ya juu ambayo huna leo hutaipata kwa kubadilisha chuma.

Pima kwanza ulicho nacho

Watu wengi huanza kwa kuagiza, kisha ndiyo wanauliza maswali. Anza na kipulizio chako cha sasa, tena kioshe kwanza: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na brashi nyembamba mpaka mwisho wa mkia, ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye tarumbeta. Uchafu wa mate ukishaganda kwenye tundu, njia nyembamba iliyo chini ya kikombe, hulipunguza, na ukilinganisha kipulizio kichafu na kipya kilichotoka kwenye boksi, kipya kitashinda kwa usafi wake tu.

Sasa chukua kalipa, kifaa cha kupimia upana kwa sehemu za milimita. Pima upana wa ndani wa kikombe karibu na ukingo, mara tatu, mahali pale pale. Kwa vipimo vya Bach, kampuni ya vipulizio ambayo majina yake ni namba na herufi, 7C ina milimita 16.2, 3C ina 16.3 na 1½C ina 17.0. Namba ndogo ni kikombe kipana. Herufi ni kina cha kikombe, A ikiwa kina kirefu na E kina kifupi. Milimita 0.1 kati ya 7C na 3C inaonekana si kitu, lakini mdomo unaisikia. Tundu lipime kwa shina laini la biti ya keekee, kamwe si kwa upande unaokata. Tundu la kawaida la Bach ni milimita 3.66: shina la 3.6 linapita, la 3.7 linakataa. Kama la 3.7 linapita kwako, ama mtengenezaji alikusudia, ama mtu amewahi kulipanua kabla hujakipata.

Ukishapata namba hizo, tafuta kipya chenye upana, kina na tundu lile lile, kilichotofautiana kwa umbo la ukingo peke yake. Hapa hatulegezi. Ukibadilisha ukingo, kina na tundu kwa mpigo mmoja, ukipata nafuu hutajua imetoka wapi, na ukipata tabu hutajua cha kurekebisha. Kama ukingo ni wa umbo la yai, upana wa juu hadi chini na wa kushoto hadi kulia haulingani. Andika vyote viwili.

Mkia na nafasi

Angalia kwanza kwamba ni mkia wa tarumbeta. Mkia wa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, ni mwembamba na mfupi: kwenye tarumbeta unazama na kucheza. Mkia wa tarumbeta nao kwenye koneti unagoma mlangoni. Bendi ikiwa na ala zote mbili, vipulizio hubadilishana mifuko, kwa hiyo usiamini kwa macho.

Kipulizio sahihi huingia karibu milimita 25. Kiingize cha zamani, piga mstari wa penseli pale mkia unapokutana na mrija wa tarumbeta unaoupokea, kitoe na upime. Fanya hivyo na kipya. Tofauti ikizidi milimita 2, nafasi iliyobaki ndani, kati ya mwisho wa mkia na mwanzo wa bomba, imebadilika, na nafasi hiyo peke yake hubadilisha mlingano wa sauti na namna noti zinavyoshika. Jaribio lako tayari limepinda kabla hujapuliza.

Kipya kikizama zaidi, kivute nje kwa karatasi. Mkia umechongwa kwa mteremko wa takriban 1 kwa 20, kwa hiyo karatasi ya kawaida ya kuandikia yenye unene wa milimita 0.1, ikizunguka mkia mara moja, huongeza 0.2 kwenye upana na kukitoa nje milimita 4 nzima. Hiyo mara nyingi ni kupita kiasi. Karatasi ya kusokotea sigara hukitoa kama milimita moja na nusu, na ndiyo inayofaa. Isifunike mwisho wa mkia, wala isikunjamane. Ni ya majaribio tu. Ikithibitika kwamba unahitaji nafasi hiyo, mkia urekebishwe na fundi. Kikiwa hakizami vya kutosha, karatasi haina dawa.

Jinsi ya kukiweka

Kipulizio cha duara huwezi kukikosea. Cha ukingo uliopinda unaweza, na ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi kuliko yote. Kikizunguka kidogo tu, sehemu iliyoinuka inakwenda juu ya jino jengine na mdomo unasema "leo hakifai", kumbe jana ulikiweka vingine. Tafuta alama ya mtengenezaji ya upande wa juu. Kama haipo au imefutika, lenganisha kwa kioo cha ukutani sehemu mbili zilizoinuka, moja katikati ya mdomo wa juu na moja katikati ya mdomo wa chini. Kisha weka tone la rangi ya kucha kwenye kipulizio na jengine kwenye mrija, yakabiliane. Kila unapokitia, matone yakutane.

Kiingize kwa mkono, robo mzunguko mwepesi, basi. Usikipige kwa kiganja. Kipulizio kilichopigwa, na hewa yetu hii ya chumvi, hukwama upesi. Na kikikwama, koleo litaupinda mrija. Pitisha kitambaa chenye barafu juu ya kipulizio dakika chache, gonga taratibu kwa kipande cha mti kuzunguka mrija, kisha uzungushe. Kikikataa, fundi mwenye kifaa cha kung'olea vipulizio ndiye wa kukitoa.

Lini, na kwa muda gani

Kalenda ya harusi ndiyo inayoamua. Shaabani harusi zinafuatana kabla ya mfungo, na Mfunguo Mosi zinarudi kwa kishindo. Jaribio lianze walau wiki tano kabla ya msimu. Usilianze mara baada ya Idi: mdomo uliopumzika mwezi mzima umelegea, na chochote utakachokitia mbele yake utakilaumu au kukisifu kwa kosa. Piga kwanza na cha zamani siku kumi, nguvu irudi.

Siku ya 1 hadi ya 3, pasha moto kwa cha zamani, kisha dakika 15 kwa kipya, noti ndefu za sauti ya katikati tu. Siku ya 4 hadi ya 10, nusu kwa nusu, lakini anza na kipya. Siku ya 11 hadi ya 20, kipya peke yake. Siku ya 21 rudi kwenye cha zamani kutwa nzima. Siku hiyo ndiyo yenye maneno mengi, kwa sababu siku ya kwanza kila kipulizio kipya hupendeza: mdomo unakamatwa mahali pasipochoka, sauti inatoka nyepesi, na mtu anakimbilia kusema amepona. Nafuu hiyo mara nyingi haivuki wiki.

Vipimo vya kuandika daftarini

Sauti. Slaidi kuu, bomba linalovutwa kulinganisha sauti, usiiguse. Bila kubonyeza vali, piga Do ya chini, Sol, Do, Mi, Sol na Do ya juu, kila moja sekunde 6, na mwenzako asome programu ya kupimia sauti kwenye simu huku wewe huioni. Kwenye tarumbeta la B-flati, Do yako programu itaiandika B-flati au A♯. Hiyo ni sawa. Andika senti (sehemu za mia za nusu toni) za kila noti, kwa vipulizio vyote viwili, siku moja, chumba kimoja, kwani joto likipanda sauti nayo hupanda. Kipulizio kikipandisha noti zote kwa kiasi kimoja, hakuna kesi: kuvuta slaidi sentimita 1 hushusha karibu robo ya nusu toni. Kikipandisha Do ya juu huku Do ya chini ikibaki pale pale, hapo slaidi haitakusaidia.

Masikio ya mwengine. Ndani ya kichochoro kila tarumbeta linasikika kubwa, kuta zinakurudishia. Nendeni kwenye viwanja vya wazi vya Mnazi Mmoja au Maisara, msikilizaji asimame hatua 40 akiwa amekupa mgongo. Piga kipande kile kile cha wimbo mara nne, mbili kwa kila kipulizio, kwa mpangilio asioujua. Aandike ipi ni ipi na ipi anaitaka. Akishindwa kutofautisha, basi sauti si sababu ya kuhama. Amua kwa mdomo.

Kupinda noti. Beni hupiga nyimbo za taarabu, na mpigaji hodari huziteremsha na kuzipandisha noti kwa mdomo wake, kama mwimbaji. Vipulizio vizito hasa wapigaji wengi huona vinashika noti na kukataa kuiachia. Shusha Sol kwa mdomo bila vali, uirudishe, ukilinganisha. Kwa muziki wetu kipimo hiki tunakiweka mbele ya sauti za juu.

Uvumilivu. Tembea. Dakika 40 kwa mwendo wa beni, mapumziko yale yale ya harusini, kisha utazame kioo: alama nyekundu iko sawa pande zote au imekolea mahali pamoja?

Kinachokwenda mrama

Hewa ikifyoza pembeni, mpindo wa ukingo umezidi mpindo wa meno yako. Wengi hapo huongeza kubonyeza, na faida yote inapotea. Jaribu mpindo mdogo zaidi. Ili kujikagua kama unabonyeza, toa kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye ndoano yake na upige tena. Noti ikianguka, ulikuwa unaivuta kwa kidole.

Sauti ikigawanyika mara mbili, kama mtu mwenye mafua, midomo haishikwi sawasawa: angalia matone ya rangi ya kucha kabla ya kingine chochote.

Sauti ikikatika ghafla baada ya nusu saa, ilhali mwanzo ilikuwa safi, kikombe ni kifupi mno. Mdomo umevimba, umeingia ndani na kugusa ukuta. Dakika kumi za dukani hazikuonyeshi hilo.

Ukingo ukiteleza, umepaka mafuta mdomoni. Acha, ufute.

Wapo wanaomfikiria fundi wa kukereza awachongee ukingo kwa shaba ya fimbo. Umbo anaweza kulipata. Shida ni shaba yenyewe: nyingi inayokerezwa kirahisi ina madini ya risasi, na haifai kukaa mdomoni ikiwa tupu. Hivyo hivyo kipulizio cha zamani ambacho mchovyo wake wa fedha umebabuka kwenye ukingo. Plastiki ya polikaboneti haina shida hiyo na haichomi mdomo ikikaa juani, ila isitiwe maji ya moto, na mkia wake hulika upesi.

Tundu lisipanuliwe hata kidogo muda wote wa jaribio. Biti ikishapita, hakuna wa kuirudisha shaba.

Kama siku ya 21 umekipenda cha zamani, kipya kiuze mapema kikingali safi. Kama umekipenda kipya, cha zamani kiweke kwenye mfuko wa kanzu harusi tatu za mwanzo, kimefungwa kitambaa kikavu kisigongane na funguo.