Kuitangaza kamusi elezo ya pamoja, hatua kwa hatua

Kamusi elezo inayoandikwa na watu wengi haitangazwi kama sabuni. Mnunuzi wa sabuni akishalipa, umemalizana naye. Sisi tunamtafuta msomaji atakayebonyeza “hariri”, kisha arudi wiki ijayo abonyeze tena. Kamusi ya maneno na ramani huria nazo ni hivyohivyo.

Hatua ya 1: Fagia kabla ya kuita wageni

Mara ya kwanza tulipopata nafasi redioni, watu waliingia kwa wingi jioni ileile. Walichokikuta ni mbegu, yaani makala changa, za sentensi mojamoja, viungo vyekundu (vya kurasa ambazo bado hazijaandikwa) kila kona, na ukurasa wa msaada ulioishia katikati. Wiki iliyofuata tulibaki walewale. Siku hizi sifungui mdomo mpaka makala za mada moja, hata zikiwa chache, ziwe zinasomeka mwanzo hadi mwisho. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, na wachangiaji walioletwa mwaka huo na Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, walikuta tayari kuna cha kusoma na cha kusahihisha.

Hatua ya 2: Chagua kundi moja

“Umma” si kundi. Wakutubi ni kundi, wapiga picha ni kundi, walimu wa baiolojia ni kundi. Kampeni ya #1Lib1Ref, iliyoanza 2016 Wikipedia ilipotimiza miaka 15, ilimwomba kila mkutubi aongeze rejeo moja tu, yaani chanzo kinachothibitisha kilichoandikwa. Rejeo ndiyo kazi yake ya kila siku, kwa hiyo hakuhitaji somo refu.

Hatua ya 3: Andika ombi linalotendeka

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tangazo letu la zamani lilisema: “Jiunge nasi tujenge hazina ya maarifa kwa vizazi vijavyo!” Watu walilipenda, wakalisambaza, wakaendelea na shughuli zao. La sasa linasema: “Aya ya pili ya makala ya kupatwa kwa mwezi haina chanzo. Una kitabu cha jiografia karibu? Fungua kiungo hiki, bonyeza hariri, andika jina la kitabu na ukurasa.” Halina mvuto wowote, lakini msomaji anajua mkono uende wapi. Kiungo kimpeleke moja kwa moja kwenye aya yenyewe. Ukimtupa ukurasa wa mwanzo atapotea.

Hatua ya 4: Fuata kalenda

Kupatwa kwa mwezi kunajulikana miaka mingi kabla. Michezo mikubwa na chaguzi pia. Nyoosha makala wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kisha isambaze watu wanapoanza kuulizana.

Hatua ya 5: Andaa warsha

Jambo dogo linaloua warsha nyingi: Wikipedia huruhusu akaunti 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Mtu wa saba akijaribu, anakataliwa, na chumba kizima kinakutazama wewe. Waombe washiriki wafungue akaunti wakiwa nyumbani, au omba ruhusa maalumu mapema. Pia waambie tangu mwanzo kwamba kunakili maandishi ya tovuti nyingine ni marufuku. Hakuna kinachomvunja mgeni moyo kama kazi yake ya kwanza kufutwa mbele ya macho yake.

Hatua ya 6: Kutana na wanahabari

Watauliza, kila mara: “Si mtu yeyote anaweza kuandika uongo?” Usijitetee. Fungua historia ya ukurasa palepale, waonyeshe nani alibadilisha nini na saa ngapi, kisha rejesha toleo la awali wakiona. Ukiulizwa kama uongo unaweza kukaa muda kabla ya kuonekana, kubali, maana ni kweli.

Hatua ya 7: Pima

Idadi ya waliotazama ukurasa inafurahisha, ila haisemi mengi. Mimi nina jedwali la safu tatu: jina la akaunti, tarehe ya hariri ya kwanza, na kama kuna hariri nyingine baada ya siku 30. Baadaye niliongeza safu ya nne, ya aliyemkaribisha. Kila asubuhi naanza na waliobaki bila jina kwenye safu hiyo: nafungua ukurasa wa majadiliano wa mgeni na kumwandikia mistari miwili juu ya kitu alichokihariri yeye mwenyewe.