Toa DNA ya bogoya kwenye glasi, ndipo ufundishe jenetiki

Wanafunzi wengi wa sekondari wanakuandikia maana ya jeni bila kukosea neno. Waulize hizo jeni ziko wapi katika ndizi wanayoila, wanatazamana. Ndiyo maana mimi huanza kwa kutoa DNA, yaani kemikali inayobeba jeni, kwenye bogoya (aina ya ndizi tamu) iliyoiva, mezani, bila maabara.

Hatua ya 1. Zamisha chupa ya spiriti kwenye beseni la barafu kwa saa moja. Iwe ya asilimia 90 au zaidi. Waragi, pombe kali ya Uganda, haifai, maji yamezidi humo. Isikaribie sigiri (jiko la makaa).

Hatua ya 2. Ponda nusu ya bogoya ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) safi mpaka iwe uji.

Hatua ya 3. Changanya nusu kikombe cha maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na viwili vya sabuni ya maji. Mimina kwenye ndizi, ukoroge taratibu dakika 5 hadi 10. Povu likijaa, hutaona kitu. Hapa usiharakishe, waulize: sabuni inafanya nini? Utando wa seli, na ule wa kiini, umejengwa kwa mafuta. Sabuni inauvunja kama inavyong'oa mafuta kwenye sufuria. Chumvi nayo inatuliza chaji hasi za DNA, nyuzi zisisukumane.

Hatua ya 4. Chuja kwa kitambaa, ujaze theluthi ya glasi nyembamba.

Hatua ya 5. Inamisha glasi, umimine spiriti polepole ipite ubavuni na kuelea juu. Usitikise. Baada ya dakika chache, pale vimiminika vinapokutana patatokea weupe, kisha nyuzi telezi zenye viputo zitaanza kupanda. DNA haiyeyuki kwenye spiriti. Zizungushie kwenye kijiti, kila mtoto aone. Waambie pia ukweli kwamba si DNA tupu, kuna protini na mengine humo.

Hatua ya 6. Sasa fundisha. Bogoya, sawa na matoke, ina kromosomu (vifurushi vya DNA) 33: seti tatu za 11. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mbegu ni nadra sana, tunapanda machipukizi. Shamba zima la aina moja ni nakala. Uteuzi wa asili unahitaji tofauti ili ufanye kazi, na hapa tofauti karibu hazipo. Ugonjwa ukiuweza mgomba mmoja, umeiweza yote. Mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001, umetuonyesha hilo mashambani.

Bioteknolojia inaingia hapo, na wanafunzi huichanganya sana. Miche ya tishu inayokuzwa kwenye chupa haijabadilishwa jeni: ni nakala safi tu, na ugonjwa ukiwa shambani itaupata. Kabana 6H, aina ya mgomba iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Kawanda, Uganda, mwaka 2010, ni chotara wa kawaida aliyepatikana kwa uchavushaji. Migomba iliyotiwa jeni za pilipili hoho ili istahimili mnyauko ndiyo uhandisi jeni wenyewe. Wazitenganishe hizo tatu kabla hamjafungua mjadala wowote.

Hatua ya 7. Wapeleke shambani. Wafundishe kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho la ndizi linapotokeza, kwa sababu wadudu huingiza bakteria hapo. Panga likitumika, lipitishwe motoni au lisafishwe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.