Uko sekondari na unataka fizikia ya chembe? Anzia hapa

Dogo, usianze na Higgs, ile chembe inayohusishwa na chembe nyingine kupata masi, najua inavuma tangu CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe kule Ulaya, watangaze 2012 lakini bila aljebra na vekta utabaki kusimulia tu, so hesabu kwanza, kila siku. Halafu ingia ndani ya protoni: kwaki (chembe ndogo zinazoiunda) mbili aina ya ap na moja ya daun. Ap ina chaji +2/3, daun -1/3, jumlisha kwa daftari upate 1, kisha jaribu nyutroni (ap moja, daun mbili) uone sifuri inavyotoka. Tamu sana hiyo.

Ukishaelewa hapo chukua myuoni, chembe kama elektroni lakini nzito zaidi. Inazaliwa kilomita kama 15 juu angani, inaishi wastani wa mikrosekunde 2.2 tu, hata kwa kasi ya mwanga ingeenda mita 660 hivi, sasa mbona zinatufikia hadi hapa ufukweni Malindi, karibu moja kwa kila sentimita mraba kila dakika? Jibu liko kwa Einstein, nadharia yake maalumu ya uhusianifu ya 1905, piga hiyo hesabu mwenyewe kabla hujatafuta video.

Na usiambiwe haya ni ya Wazungu, setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kabisa kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa hapo Ngomeni 12 Desemba 1970. Ukipata bando, data za LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, ziko bure mtandaoni, jifunze Python uzichambue.