Kuanza mazoezi kwa usalama ukiwa umepunguza chakula: hatua kwa hatua

Wengi wanaonijia hapa Nairobi kutaka kufundishwa mazoezi huwa wameshapunguza chakula kwa wiki moja au mbili, na huomba mazoezi makali tangu siku ya kwanza ili mizani ishuke haraka. Huwa nawapinga. Mwili unaopata chakula kidogo kuliko unavyohitaji hauli mafuta peke yake bali hula na misuli pia, na kwa hiyo kazi kubwa ya mazoezi katika kipindi hiki ni kuilinda misuli hiyo. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa haraka kwa nusu saa hutumia kalori 150 hivi, ambazo chapati moja ya mafuta huweza kuzirudisha zote na kuzidi.

Hatua ya 1: Fahamu unakula kiasi gani

Andika kila unachotia kinywani kwa siku tatu, pamoja na chai ya maziwa na sukari yake, maana chai ndiyo husahaulika kuliko vyote. Ukiona uko chini ya kalori 800 kwa siku, huo ni mlo unaohitaji usimamizi wa daktari, na usifanye zoezi lolote zaidi ya kutembea polepole mpaka akuruhusu. Kati ya 800 na 1,200, tembea na ufanye mazoezi mepesi tu. Anayekula 1,200 hadi 1,500 na hana ugonjwa wowote anaweza kufuata mwongozo huu wote.

Hatua ya 2: Peleka dawa zako kwa daktari kabla ya kununua raba

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye hatari kubwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi amepangiwa kipimo kulingana na chakula alichokuwa akila zamani. Akipunguza chakula kisha akaongeza mazoezi, sukari yake ya damu huweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L (kipimo kinachoonyeshwa na mashine ya sukari), na hapo hutokwa jasho jembamba, akatetemeka, akachanganyikiwa, na hata kuzimia. Vivyo hivyo kwa anayemeza dawa za presha, hasa zile za kukojosha: mtu akipungua uzito presha nayo hushuka, na kipimo kilichomfaa mwezi uliopita huweza kumwangusha anapoinuka kitini. Usijipunguzie dawa mwenyewe. Mwambie daktari mambo mawili kwa pamoja, yaani kiasi cha chakula unachokula sasa na mazoezi unayotaka kuanza, naye aamue. Wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye ugonjwa wa moyo au wa figo wasifuate mwongozo wa jumla kama huu.

Hatua ya 3: Tembea kwa wiki mbili

Anza na dakika 10 hadi 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, mahali tambarare. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo aliyetoka Mombasa juzi atahema mapema kuliko wenyeji, na asione aibu kupunguza mwendo. Karura na Arboretum zina njia nzuri zenye kivuli, ingawa si lazima uende huko. Kushuka kwenye matatu steji moja kabla ya yako, wakati kungali na mwanga, kunatosha kabisa.

Hatua ya 4: Panga maji, chumvi na saa ya kula

Katika siku za kwanza mwili hutumia wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya wanga huo hukaa na gramu tatu hivi za maji, ambayo hutoka nao pamoja na chumvi. Hiyo ndiyo sababu mizani hushuka ghafla, na ndiyo sababu ya kizunguzungu. Kunywa maji kabla na baada ya mazoezi, na usiondoe chumvi yote chakulani isipokuwa daktari amekuagiza. Fanya mazoezi saa moja au mbili baada ya kula. Miaka yangu ya mwanzo nilimpandisha ngazi mteja aliyekuwa hajala tangu jana yake, akalegea kwenye ghorofa ya tatu, kosa lilikuwa langu, na tangu hapo swali langu la kwanza kila asubuhi ni "Umekula nini?"

Hatua ya 5: Ongeza mazoezi ya nguvu

Kuanzia wiki ya tatu, siku mbili kwa wiki zisizofuatana, fanya haya: kuketi na kuinuka kitini mara 8, kusukuma ukuta mara 8, na kuinua mtungi wa lita 5 uliojaa maji, ambao ni kilo 5 hivi, mara 8 kwa kila mkono. Pumzika dakika mbili, kisha rudia yote kwa mara ya pili. Pumua nje unapoinua, wala usizuie pumzi. Misuli haijengwi bila protini, na kiasi kinachowafaa wengi wenye figo nzima ni gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Yai moja lina gramu 6 hivi, na omena, ndengu, maharagwe na maziwa lala hujaza pengo bila kuumiza mfuko.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Ongeza dakika tano za kutembea kila wiki mpaka ufikie dakika 150 kwa wiki, ambacho ni kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Wiki unayoongeza dakika usiongeze uzito wa mtungi, na wiki unayopunguza chakula usiongeze chochote.

Hatua ya 7: Ujue wakati wa kuacha

Kizunguzungu au kutetemeka: keti chini. Mwenye kisukari apime sukari, na ikiwa imeshuka au hana kipimo, anywe maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mrama, kuzimia, au kukosa pumzi ukiwa umetulia ni mambo ya hospitali papo hapo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia nayo yapelekwe hospitali, kwa kuwa kupungua uzito haraka huweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Jambo la mwisho ni mizani. Wiki unayoanza mazoezi ya nguvu huenda ikagoma au ikapanda kidogo, kwa sababu misuli iliyochoka huhifadhi maji. Usipunguze chakula zaidi kwa hasira. Pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani mara moja kila wiki mbili, asubuhi kabla ya chai.