Baga kwa grili ya umeme: anzia buchani, omba nundu

Mwezi wa sita na wa saba Arusha ni ukungu na baridi, na wengi tuliopanga hatuna uwanja wa kuwashia mkaa. Grili ndogo ya mezani, ile yenye mabamba mawili yanayofunikana, inakutosha. Mimi napikia oda za baga jikoni kwangu Sakina, na wanaonunua huniuliza kitu kimoja: "Mbona nikipika mwenyewe inatoka ngumu kama soli?" Mara nyingi tatizo limeanzia buchani.

Hatua ya 1: Nyama

Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wanatembea kutwa wakitafuta majani, kwa hiyo nyama yao ina mafuta machache. Sasa chukua steki tupu iliyosagwa, ibane kati ya mabamba mawili ya moto: hata yale mafuta kidogo yaliyokuwemo yanaishia kwenye trei. Dawa yake ni nundu. Nundu ina mafuta yaliyochanganyika na nyama, na yanayeyuka taratibu.

Mimi husema hivi: "Kaka, nipimie nusu kilo ya kidari na gramu mia ya nundu, uvisage pamoja mara moja tu, mbele yangu." Mara moja, kwa sababu nyama iliyosagwa ikawa uji inashikana mno. Mbele yangu, kwa sababu sitaki mabaki ya jana. Lengo ni mafuta yafike kama sehemu moja kati ya tano. Ukifika nyumbani, iweke kwenye friji hadi dakika ya kuitumia.

Hatua ya 2: Kufinyanga

Gramu 600 zinatoa baga tano za gramu 120. Gawa, viringisha kidogo, bonyeza ziwe na unene wa sentimita 2, na zizidi mkate upana wa kidole kimoja maana zitasinyaa. Usikande kama unga wa chapati.

Chumvi usichanganye ndani. Ikikaa na nyama ya kusaga inaivuta na kuinatisha, unakula soseji. Nyunyiza chumvi na pilipili manga juu, pande zote mbili, grili ikiwa tayari imepata moto. Kitunguu, yai na chenga za mkate ni vya kababu, chakula ninachokipenda sana, ila leo tunapika baga.

Kile kishimo cha dole gumba wanachoweka watu katikati ni kwa ajili ya kikaangio. Hapa bamba la juu linazuia baga isivimbe, achana nacho.

Hatua ya 3: Moto

Chomeka kwenye soketi ya ukutani. Grili ya wati 2,000 haifai kugawana ekstenshen na friji na birika; niliwahi kunusa plastiki inaungua ndipo nikajifunza. Kuhusu LUKU usiwe na hofu: dakika 15 kwa wati hizo haizidi nusu uniti.

Funika grili tupu, iache ipate moto hadi taa ionyeshe kuwa iko tayari, kisha subiri dakika mbili zaidi. Usipake mafuta ya kupikia, nundu imeshafanya kazi hiyo, na mafuta ya ziada yatakujazia moshi chumbani. Fungua dirisha hata kama nje kuna baridi. Hakikisha trei iko mahali pake.

Hatua ya 4: Kupika

Panga baga mbili au tatu zenye unene sawa, shusha mfuniko, usiukandamize. Kila unapobonyeza, mchuzi unatoka. Usigeuze pia, moto unatoka juu na chini. Dakika nne, chungulia. Nyingi huwa tayari kwenye ya tano au ya sita.

Rangi inadanganya. Steki ina vijidudu juu tu, lakini ikisagwa vinaingia hadi katikati, kwa hiyo katikati lazima pafike nyuzi 71 za Selsiasi. Kipimajoto cha jikoni kichomwe kwa ubavuni. Kama huna, kata moja: ikitoa maji ya pinki, rudisha.

Jibini weka baada ya kuzima, mfuniko ukiwa wazi. Ukifunika litaganda kwenye bamba. Acha baga zipumzike dakika tatu. Wakati huo lalisha mikate, upande uliokatwa ukitazama chini, ifyonze yale mafuta yaliyobaki. Kachumbari ikamue maji kwanza, la sivyo mkate unalowa.

Hatua ya 5: Kusafisha

Chomoa, subiri mabamba yabaki vuguvugu, lalisha kitambaa kibichi, funika dakika tano, kisha futa. Steelwire isiguse kabisa. Mafuta ya kwenye trei usimwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Mimi nayakusanya kwenye kopo, na kesho yake nakaangia viazi.