Namna ya Kuchukua Sampuli za Maji kwa Ajili ya Utafiti wa Uchafuzi

Utafiti wa ubora wa maji huharibika mara nyingi kabla chupa haijafika maabara. Mashine itapima kwa usahihi mkubwa chochote kilichomo ndani ya chupa, hata kama kilichomo hakifanani tena na maji ya mtoni yalikotoka, na hakuna hesabu itakayorudisha kilichopotea njiani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kazi ya ukingoni mwa mto, kisimani na bombani, na unaingia maabara pale tu ambapo matokeo ya ndani yanategemea kilichofanyika nje.

Swali kwanza, chupa baadaye

Andika kwa sentensi moja unachotaka kujua, kwa maana sentensi hiyo ndiyo itakayoamua namna ya kuchukua maji. Chukua mfano wa bomba la nyumbani. Anayetaka kujua hali ya maji yaliyomo kwenye bomba kuu la mtaa hufungulia maji yatiririke kwa dakika kadhaa, kisha hukinga. Anayetaka kujua kama mabomba ya ndani ya nyumba yanaachia madini ya risasi hufanya kinyume kabisa: huacha maji yatulie ndani ya bomba kwa muda wa saa 6 au zaidi, kisha hukinga lita ya kwanza inayotoka bila kumwaga hata tone. Mmoja akitumia njia ya mwenzake, atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuuliza. Katika mji wa Flint nchini Marekani, ambako chanzo cha maji kilibadilishwa mwaka 2014 bila kutiwa dawa ya kuzuia mabomba yasilike, upimaji ulilaumiwa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, wakazi walielekezwa kufungulia bomba kwa muda usiku wa kuamkia siku ya kuchukua sampuli.

Orodha ya vitu vya kupima nayo hutokana na swali, lakini isitokane na mazoea. Nchini Bangladesh visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakileta maradhi ya kuhara. Maji ya visima hivyo yalikuwa meupe, na kwa upande wa bakteria yalikuwa nafuu zaidi; hata hivyo aseniki haikuwa miongoni mwa vitu vilivyopimwa kwa kawaida, na kuwemo kwake katika maji ya ardhini kulithibitishwa mwaka 1993, baada ya watu kuyanywa kwa miaka mingi. Kabla ya kuandika orodha yako, jiulize miamba ya eneo ina nini, mashamba ya juu yanatiwa mbolea na dawa gani, viwanda vinamwaga nini, na vyoo viko umbali gani kutoka chanzo. Kipimo kimoja kilichochaguliwa kwa sababu kinafaa kuliko vipimo 20 vilivyochaguliwa kwa sababu kifaa chake kilikuwepo kabatini.

Mahali na wakati

Ukichunguza mtiro wa majitaka unaoingia mtoni, kituo cha kwanza kiwe juu ya mtiro na kituo cha pili kiwe chini yake, mahali ambapo maji ya pande mbili yamekwisha kuchanganyika. Kosa la kawaida ni kuweka kituo cha pili karibu mno. Majitaka huweza kuambaa na ukingo mmoja kwa umbali mrefu, hata mtafiti akachota upande wa pili na kuandika kwamba mto ni safi. Njia rahisi ya kujihakikishia ni kupima uwezo wa maji kupitisha umeme katika sehemu tano au sita, kutoka ukingo hadi ukingo. Namba zikikaribiana, mchanganyiko umekamilika. Zikitofautiana sana, shuka chini zaidi.

Wakati una uzito sawa na mahali. Oksijeni iliyoyeyuka katika maji yenye mwani mwingi hupanda mchana, mimea inapotengeneza chakula chake, na hushuka hadi kiwango cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Anayepima saa nane za mchana peke yake anaweza kuusifia mto ambao samaki wake hufa alfajiri. Vivyo hivyo, mvua ya kwanza baada ya kiangazi husomba uchafu uliokusanyika ardhini kwa muda mrefu, hivyo sampuli ya siku hiyo haiwezi kulinganishwa na ya wiki tatu baadaye kana kwamba mto ulikuwa katika hali moja. Panga angalau misimu miwili, ya mvua na ya ukavu, na kila unapochota andika saa, hali ya hewa na lini mvua ilinyesha mara ya mwisho.

Kuchota

Mtoni, anza na kituo cha chini kisha panda, ili tope unalolitibua lisikufuate kwenye kituo kinachofuata. Simama ukiuelekea mkondo, zamisha chupa mdomo ukiwa chini hadi kina cha sentimita 20 hadi 30, kisha igeuze mdomo uelekee maji yanakotoka. Povu na takataka za juu zisiingie, wala mchanga wa chini. Chupa za kawaida huoshwa mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujazwa. Chupa zilizotakaswa kwa ajili ya bakteria, pamoja na zile zilizokwisha kutiwa dawa ya kuhifadhi, hazioshwi hata mara moja.

Katika kisima kilichochimbwa kwa mtambo, maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya mwamba. Pima kwanza kina cha maji kabla pampu haijawashwa, kwa sababu baada ya hapo kipimo hicho hakipatikani tena siku hiyo, kisha pampu mpaka ujazo wa maji ya bombani utoke mara tatu hivi, au mpaka joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji) na upitishaji umeme vitulie mahali pamoja. Mimi napendelea alama hii ya pili, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayokuambia kwamba umefika.

Sampuli ya bakteria ina masharti yake. Chupa iwe imetakaswa, kifuniko kishikwe bila kuguswa upande wa ndani, na nafasi ndogo ya hewa iachwe juu ili maabara waweze kuitikisa. Kama maji yametiwa klorini, chupa iwe na sodiamu thayosalfeti kidogo ya kuizima. Pasipo hiyo, klorini itaendelea kuua bakteria njiani na jibu litaonyesha usafi ambao bombani haukuwepo.

Lebo iandikwe kwenye chupa, wala si kwenye kifuniko. Nimewahi kufungua kasha la chupa 24 mbele ya fundi wa maabara aliyefungua vifuniko vyote kwa pamoja na kuvipanga mezani, na siku mbili za kazi zikawa chupa 24 za maji yasiyojulikana kwao.

Yanayopimwa papo hapo na yanayosafiri

Joto, pH, upitishaji umeme, oksijeni iliyoyeyuka na klorini iliyobaki hupimwa pale pale. Gesi hutoka au huingia, joto hubadilika, na pH iliyopimwa kesho yake ni pH ya chupa. Kipima pH kisahihishwe kila asubuhi kwa myeyusho wa 4 na wa 7, au wa 7 na wa 10, kutegemea maji yako yako upande gani. Oksijeni iandikwe pamoja na joto: kwenye usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 20 za Sentigredi hushika takribani miligramu 9.1 kwa lita yakijaa, na ya nyuzi 30 hushika takribani 7.5, hivyo namba ile ile ina maana mbili katika mito miwili yenye joto tofauti.

Vinavyosafiri viwekwe gizani kwenye barafu. Bakteria wafike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na wasizidi saa 24. Nitrati na fosfeti zipimwe ndani ya saa 48. Kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu, ambacho huchukua siku 5 kwenye nyuzi 20 gizani, kianze siku hiyo hiyo kama njia inaruhusu. Sampuli ya madini mazito huhifadhiwa kwa tindikali ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, na ikiwa hivyo madini mengi huvumilia hata miezi 6, isipokuwa zebaki, ambayo muda wake ni mfupi zaidi. Zingatia mpangilio: kama unataka madini yaliyoyeyuka tu, chuja kwanza kwa kichujio cha maikromita 0.45, kisha tia tindikali. Ukitanguliza tindikali, madini yaliyoshikamana na tope yatayeyuka, nawe utayahesabu kana kwamba yaliyeyuka tangu mtoni.

Usisahau wingi wa maji yenyewe

Kiwango cha uchafu bila kiasi cha maji yanayopita ni nusu ya habari. Mto wenye miligramu 8 za nitrati kwa lita, unaopitisha mita za ujazo 0.5 kwa sekunde, hubeba gramu 4 kwa sekunde, yaani takribani kilo 346 kwa siku. Mto wenye miligramu 3 tu, lakini unaopitisha mita za ujazo 4, hubeba takribani kilo 1,037. Ziwa linalopokea mito yote miwili linaumizwa zaidi na ule unaoonekana safi. Pasipo kifaa cha kupimia kasi, tupa chungwa au kipande cha mti katika sehemu iliyonyooka, pima muda wa kupita umbali unaojulikana, zidisha kasi hiyo kwa eneo la mkato wa mto, kisha zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Kujaribu dawa kabla ya kusafisha

Kama utafiti unaelekea kwenye usafishaji, jaribio la bilauri ndilo la kuanzia. Yeyusha gramu 10 za shabu katika lita moja, ili kila mililita moja ukiitia katika lita ya maji machafu iwe dozi ya miligramu 10. Panga bilauri sita zenye dozi zinazopanda, koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika 15 hadi 20, acha zitulie nusu saa, na upime tope katika maji ya juu. Dozi bora mara nyingi si ile kubwa kuliko zote, kwa kuwa shabu ikizidi huweza kurudisha tope lielee na hushusha pH. Maji yakishaangaza, ndipo klorini ihesabiwe. Katika maji yenye tope, yanayozidi NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu wa maji), vijidudu hujificha nyuma ya chembe na dawa hupungua nguvu.

Kuzisoma namba

Katika kila sampuli 10, moja irudiwe, na kila safari iwe na chupa ya maji yaliyokenekwa iliyofunguliwa na kufungwa kule kule. Kama chupa hiyo ina madini, umeyaleta mwenyewe. Ukiwa na ayoni kuu zote, yaani chembe zilizoyeyuka zenye chaji ya umeme, linganisha jumla ya chaji chanya na chaji hasi. Tofauti ikizidi asilimia 5, tafuta kosa kabla ya kutafuta maelezo. Thamani iliyo chini ya uwezo wa kifaa isiandikwe sifuri, bali iandikwe "chini ya 0.005", au vyovyote ulivyo uwezo wa kifaa hicho. Idadi ya bakteria, ambayo huruka kutoka 10 hadi 10,000 ndani ya wiki, ielezwe kwa namba ya kati badala ya wastani wa kawaida.

Na kila unapoandika nitrati, sema umeihesabu kama nitrati au kama naitrojeni. Miligramu 10 za naitrojeni ni miligramu 44 za nitrati, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita zikihesabiwa kama nitrati. Ripoti isiyotaja kizio inaweza kukihukumu kisima kizima, au kukitakasa, kwa kosa la herufi chache tu.